Mwaka Tulioweka Kompresa

Siku aliyozikwa Bwana Abbas, mwanangu Hamisi alikuwa uani kwetu Tegeta akifungua boksi la kompresa mpya. Habari ya msiba ilinifikia baada ya sala ya alfajiri, nikiwa bado juu ya mswala, kwa ujumbe wa simu ulioandikwa na binti wa marehemu: "Shikamoo Maalim. Baba ametutoka jana. Mama anakuulizia." Nikasema yale tunayoyasema sote, nikamwombea, kisha nikakaa palepale mpaka mwanga wa dirishani ukafika miguuni kwangu. Nilipotoka nje Hamisi alikuwa amepiga magoti katikati ya makaratasi, kisu mkononi na furaha usoni, maana gereji yake ya nyumbani ameisubiri muda mrefu. Nilipomwambia nani amefariki alisimama, akafuta mikono kwenye suruali, akasema, "Pole sana mama. Huyu si ndiye aliyewauzia nyie ile kompresa mbovu iliyotaka kumtoa baba jicho?"

Hakusema kwa ubaya. Aliyasikia utotoni, gerejini, mafundi wanapokunywa chai, akayaweka kichwani kama tunavyoweka mambo yote ya zamani ambayo hatukuyauliza. Lakini mimi nilishika ukingo wa mlango. Jambo lile nilidhani nililimaliza kabla yeye hajazaliwa, mbele ya mashahidi, katika chumba kilichojaa akina mama. Kumbe liliendelea kutembea nje bila mimi, vilevile lilivyoanza. "Weka kisu chini," nikamwambia. "Kompresa ile haikuwa mbovu. Jicho la baba yako nililiumiza mimi." Aliniangalia kama anayesubiri nicheke. Basi tulikaa juu ya boksi, nikamsimulia, na sasa naandika, ili wajukuu wasije wakalisikia kwa mafundi.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na nne, na ndoa yangu ilikuwa na miezi mitano. Tulikaa Temeke, katika nyumba ya vyumba vitatu vilivyofuatana mstari mmoja, na ubavuni mwake banda la mabati. Banda lile ndilo lilikuwa gereji ya mume wangu, Fundi Athumani. Chumba cha mwisho, kilichogusana ukuta na banda, alinipa mimi nisomeshe wasichana Qurani kila alasiri isipokuwa Ijumaa. Kilikuwa chumba kidogo, sakafu ya saruji nyekundu niliyoipiga deki mpaka ikateleza, mikeka miwili, marfaa saba za mbao za kuwekea misahafu alizozichonga seremala mmoja wa Keko, na juu kabisa ya ukuta safu moja ya matofali yenye matundu ya kupitishia hewa. Kwa matundu hayo wasichana wangu walijua majina ya vyuma vyote vya gari, na wateja wa Athumani walijua tumefika juzuu ya ngapi. Dereva mmoja wa teksi aliwahi kuita kutoka upande wa pili, "Maalim, huyo wa mwisho karuka aya," na ni kweli alikuwa ameruka.

Athumani alikuwa fundi mzuri asiyekuwa na upepo. Matairi aliyajaza kwa pampu ya mguu mpaka shati likalowa, na rangi aliipaka kwa brashi, akisugua na kusugua, na bado michirizi ilionekana gari likisimama juani. Alitaka kompresa kuliko alivyotaka kitanda, na kitanda tulikuwa hatuna. Tulipokuwa tumejaliwa kupata kiasi cha kutosha aliniambia, "Twende wote. Wewe unasikia mtoto akikosea irabu moja ukiwa jikoni. Njoo unisikilizie mashine." Sijapata kusahau kwamba ni masikio yangu ndiyo aliyoyataka.

Duka la Bwana Abbas lilikuwa nyuma ya karakana za maseremala wa Keko, mahali ambapo harufu ya vanishi ilikuingia mpaka kwenye nguo za siku ya pili. Aliuza mashine zilizotumika: mota, pampu za maji, cherehani za ngozi. Alikuwa Muhindi mwembamba wa miaka thelathini na kitu, aliyezaliwa hapahapa, mwenye kofia nyeupe na kalamu sikioni, na Kiswahili chake kilikuwa cha Temeke hasa. Kulikuwa na kompresa mbili. Moja nyekundu, inang'aa, tangi kubwa kama ng'ombe aliyelala. Nyingine ya kijani iliyobabuka, silinda mbili, mkanda umefunikwa kwa wavu wenye kutu kidogo. Athumani alikwenda moja kwa moja kwenye nyekundu akaishika begani kama rafiki.

"Hiyo ni bibi harusi, Fundi," Bwana Abbas akasema. "Rangi nimempaka mwenyewe juzi. Mie najua kilichoko chini ya shela."

"Sasa mbona unaiuza?"

"Atakuja mtu anataka rangi. Wewe unataka upepo. Na tena nyumba yenu ina umeme gani? Wa kawaida wa taa na pasi? Mota ya huyu mwekundu ukiiwasha, mtaa mzima mtakula futari gizani."

Akatufundisha namna ya kuchagua, na maneno yake ndiyo niliyomwambia Hamisi asubuhi ile bila kuongeza langu. Usiinunue kwa macho. Funga njia zote za kutokea upepo, iwashe tangi likiwa tupu, upime muda mpaka ijae. Inayochelewa imechoka ndani. Paka maji ya sabuni kwenye viungo uone povu linapotokea. Kisha izime ikiwa imejaa, nenda zako, urudi kesho usome geji. Tatizo lilikuwa saa. Yake ilikuwa kwa fundi, sisi hatukuwa nayo. Nikasema nitapima kwa Suratul Mulk, maana huisoma kila siku kwa mwendo mmoja na najua urefu wake kama ninavyojua urefu wa uchochoro wetu. Bwana Abbas alicheka, si kwa dharau. "Haya, saa hiyo haiibiwi," akasema. Nikasoma moyoni, nimesimama kati ya mashine. Ile nyekundu nilimaliza sura, nikaanza tena, nikafika katikati. Ile ya kijani iliyobabuka ilijaa kabla sijafika mwisho, na mlio wake ulikuwa sawa tangu mwanzo, haukugugumia mahali. Kesho yake tuliporudi mshale wa geji ulikuwa umeshuka upana wa ukucha tu.

Kabla hatujaichukua alituita karibu, akaweka kidole juu ya tangi, penye kitu kidogo cha shaba chenye pete. "Nisikilizeni nyote wawili. Swichi yake ya kujizima ni ya zamani, siku nyingine inalala. Nimeagiza nyingine, ikifika nitaileta mwenyewe. Mpaka hapo, Fundi, macho kwenye geji, ikifika nane unazima kwa mkono. Ukisahau, huyu hapa atafunguka atoe upepo. Atapiga kelele nyingi. Huyu ndiye mlinzi wenu. Akipiga kelele msimkemee." Aliyasema hayo akinitazama mimi pia. Kwa hiyo siwezi kusema sikuambiwa.

Tuliileta kwa mkokoteni, majirani wakisimama milangoni. Bwana Abbas alikuja jioni akiwa na spana zake, na kulikuwa na ubishi mmoja tu. Yeye alitaka iwekwe nje, chini ya kipaa chake chenyewe, ipate hewa safi, isivute vumbi la rangi. Athumani alisema ikilala nje itaamkia kwa mwingine. Basi ikawekwa ndani ya banda, kwenye kona yenye kufuli na waya wa umeme, na kona hiyo ilikuwa ukutani kwangu. Wakakata vipande vya tairi kuukuu wakaviweka chini ya miguu yake isitembee wala kutikisa ukuta. Kisha Bwana Abbas akalala chali, akatuonyesha kibomba kidogo chini ya tangi. "Hewa ya Dar imelowa. Kila jioni mfungulieni huyu amwage maji, la sivyo tangi litaoza kwa ndani na nyie mnaliona zima kwa nje." Siku ya pili Athumani alikifungua nikashuhudia maji yenye rangi ya chai yakitoka katika chombo ambacho hakuna aliyetia maji. Nilikwenda kuwaonyesha wasichana. Niliwaambia tunatembea ndani ya neema tusizoziona, na bado naamini hivyo.

Maghribi ile ya kwanza waliswali pamoja palepale bandani juu ya boksi lililokunjuliwa, Athumani amefunga mikono kifuani, Bwana Abbas ameiachia ubavuni, kila mmoja kama alivyofundishwa na wazee wake. Nilikuwa nawaangalia kwa upenyo wa mlango huku nikigeuza mkate wa kumimina, nikaona ni jambo zuri, wala hakuna aliyemuuliza mwenzake. Tangu hapo alikula kwetu mara nyingi. Alipenda mihogo ya nazi, na mkewe Shirin alituletea kachori zilizofungwa kwenye karatasi la mafuta, za moto mpaka huwezi kuzishika.

Kazi iliongezeka. Magari yalitoka bandani yaking'aa bila mchirizi hata mmoja, na Athumani aliimba. Lakini kwenye chumba changu mambo yalikuwa mengine. Mngurumo wa mota tuliuzoea, tukapandisha sauti. Tusichokizoea ni yule mlinzi. Athumani akiwa chini ya gari husahau geji, na swichi ikilala, shaba ile hufunguka ghafla kwa kishindo cha upepo kama bati linalopasuliwa kwa mkono. Wasichana walipiga mayowe, kisha wakacheka, na kucheka kukishaanza kati ya wasichana kumi na tisa hakuna somo tena. Nilimwambia Athumani, naye aliomba radhi kila mara, na kila mara alisahau. Mama Tatu, jirani yetu ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko, alimleta binti yake siku moja akakutana na kishindo hicho mlangoni. "Maalim," akasema, "hapa mnasomesha Qurani au mnafundisha nyoka kutema?"

Nilicheka naye, lakini ilinichoma. Nilikuwa kijana, nimesoma miaka mingi kwa walimu wakali, na kile chumba ndicho kilikuwa kitu changu cha kwanza duniani. Wasichana sita walikuwa wanakaribia kuhitimu, na siku ya Alhamisi moja mama zao walikuwa waje kuwasikiliza kabla ya hitima yenyewe. Nilitaka saa moja ya utulivu. Asubuhi ile Athumani alipotoka kwenda kutafuta msasa, niliingia bandani. Nilichana upindo wa kanga yangu kuukuu, nikausokota kuzunguka ile shaba, safu juu ya safu, kama unavyomfunga mtoto kidole. Kisha nikachukua waya laini wa kufungia nondo nikaupitisha juu yake na chini ya shingo ya tangi, nikaukaza kwa koleo. Nilijiambia nazuia sauti tu. Nilijiambia nitaufungua baada ya somo. Nilisema hata Bismillahi kabla ya kukaza, na hilo ndilo linalonirudia zaidi ninapokumbuka.

Akina mama walikuja, wakakaa ukutani na watoto wao wadogo mapajani. Msichana wa kwanza alianza. Upande wa pili mota ilikuwa ikinguruma, na Athumani alikuwa chini ya teksi akisafisha uvungu kwa upepo. Hakuna kishindo kilichotoka. Alisoma wa pili, akasoma wa tatu, sauti zao zikapanda bila kukatwa, na mama mmoja akawa anafuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilishukuru kwa ukimya ule. Nakiri kwamba niliupenda. Nilisikia mota ikianza kulia kwa uzito, kama mtu anayepanda ngazi na gunia, nikaisikia vizuri kwa masikio yale yale yaliyoichagua, na sikuinuka, kwa sababu msichana wa nne alikuwa anasoma.

Kilichopasuka si tangi, Mwenyezi Mungu alitunusuru. Ni mpira wa upepo. Ulikatika penye kiungo, ukaruka huku na huku bandani kama mjeledi, na kichwa chake cha chuma kikampiga Athumani juu ya jicho la kulia alipokuwa anatoka chini ya gari kwenda kuzima. Nilipofika alikuwa amekaa chini, mkono umefunika uso, na damu inapita kati ya vidole. "Zimeni mashine," ndiyo aliyosema. "Watoto wasije." Mtu alikimbilia dukani kwa Bwana Abbas kwa kuwa ndiye tuliyemjua mwenye pikapu. Alikuja bila kofia. Walimpeleka hospitali, wakamshona, wakamfunga jicho, na daktari akasema tusubiri wiki kadhaa ndipo ijulikane kama litaona.

Jioni Bwana Abbas alirudi peke yake kuangalia mashine, nami nilimfuata mpaka bandani na taa ya chemli maana umeme tulikuwa tumeukata. Aliinama juu ya tangi. Kisha akaanza kuusokotoa waya, polepole, mzunguko baada ya mzunguko, akatoa na kitambaa cha kanga, akakikunjua kwenye kiganja. Nilikuwa nimevaa kanga iliyobaki.

"Kelele?" akauliza.

"Akina mama walikuwa wanakuja."

Akatia waya na kitambaa mfukoni. "Maalim, sikiliza. Wewe ungekuwa hujaambiwa, ningekusema. Uliambiwa, kwa hiyo unajisema mwenyewe, mie nina kazi gani? Swichi ni mbovu, si kweli? Ni mbovu, na niliwauzia mie. Basi, swichi ililala, mpira ulikuwa umechoka, kosa la Abbas. Hakuna uongo hapo."

"Upo," nikasema.

"Kidogo. Una watoto kumi na tisa humu ndani. Akina mama wakisikia mwalimu alifunga mlinzi wa mashine ukutani kwa watoto wao, kesho utasomesha mikeka. Duka langu limeona mengi. Litavumilia."

Nikamwachia aseme hivyo. Nilijiona nimeokolewa, na kwa siku chache za mwanzo nilishukuru, nikamuuguza mume wangu, nikampikia uji wa mchele, nikamsomea. Lakini matofali ya matundu yalikuwa palepale. Wateja walikuja kumpa pole Athumani aliyekaa kwenye benchi na jicho lake lililofungwa, na mimi nikiwa upande wa pili nimekaa na marfaa mbele yangu, nilisikia kila neno. "Hawa watu wa maduka ndivyo walivyo, braza, kwake wewe ni noti tu." "Si nasikia aliipaka rangi kufunika nyufa?" "Rangi? Fundi, ile yako kweli ina rangi?" Wakacheka. "Mie nilikuwa nimchukulie pampu, nimeghairi." Athumani alisema, "Abbas ni mtu mwema, acheni hayo," lakini kwa unyonge wa mgonjwa, na yeye mwenyewe alikuwa hajui. Maneno yakafika Keko. Seremala aliyenichongea marfaa alinisimamisha njiani kunihurumia, akaniambia sasa hivi watu wanapita mbele ya duka lile kama wanapita makaburini. Na Bwana Abbas aliendelea kuja kila Jumamosi. Alileta swichi mpya, akaifunga, akamwaga maji ya tangi kwa kuwa Athumani hakuruhusiwa kuinama, akanywa chai, akaondoka. Mihogo ya nazi hakuila siku hizo. Alisema tumbo.

Jumamosi moja nilimpelekea chai nikamwona amekaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anasoma barua ya mteja aliyerudisha mota. Aliikunja haraka aliponiona. "Litavumilia," akasema kabla sijauliza kitu. Nilirudi chumbani, nikafungua msahafu ili wasichana waendelee, nikashindwa kuwakosoa makosa yao. Aliyekosea irabu nilimwacha apite.

Usiku huohuo nilimwambia mume wangu. Nilitaja kila kitu: upindo wa kanga, waya, koleo, Bismillahi. Hakuinua sauti. Aliuliza jambo moja, "Abbas anajua?" Nikasema ndiye aliyefungua. Kwa siku mbili alikula nilichompikia bila kunitazama kwa lile jicho lililobaki, na sijapata kukaa katika nyumba kubwa kama ile ya vyumba vitatu katika siku hizo mbili. Ya tatu, akiwa ananawa mikono, akasema, "Jicho ni langu, nimekusamehe. Hilo limekwisha. Lakini mimi na wewe tumekaa hapa mwezi mzima tunamla mwenzetu, na yeye anakuja kututilia mafuta mashine." Akafuta mikono. "Hitima ni lini?"

"Jumapili."

Nilielewa alichotaka nifanye.

Jumapili ile chumba hakikutosha. Wasichana sita walivaa nyeupe, kina mama walijaa mpaka uani, na pilau ilikuwa imefunikwa jikoni. Tulisoma, tukaomba dua, na watu walipoanza kuinua mikono kutoka usoni nilisimama. Nikawaambia kwamba mashine ilikuwa na mlinzi, kwamba Bwana Abbas alituonya mbele ya macho yetu, na kwamba mimi ndiye niliyemfunga mlinzi kwa kanga yangu ili kelele isiwafikie. Nikasema, "Alikubali kubeba lawama ili nyinyi msiwaondoe watoto. Anayetaka kumwondoa wake amwondoe leo, sitamlaumu. Ila atakayelisema tena duka la mtu yule, anaposema atakuwa anajua kwamba ni uongo." Kisha nikakaa.

Wa kwanza kusema ni Mama Tatu. "Kwa hiyo Maalim," akasema polepole, "ulimziba pumzi yule nyoka kwa ajili yangu?" Nikaitikia kwa kichwa. "Kwa kweli siku ile nilisikia vizuri sana," akaendelea, "mpaka pale mwisho." Mtu mmoja akacheka bila kutaka, akafuata mwingine. Wapo ambao hawakucheka. Akina mama watatu waliondoka na mabinti zao kabla ya pilau, mmoja wao akiwa na msichana aliyehitimu siku ile, na sikumwona tena chumbani mwangu. Walikuwa na haki. Mama Tatu alibaki mpaka masufuria yakaoshwa, kisha akapita nyumba kwa nyumba, na kwa mara ya kwanza tuliufurahia ulimi wake. Kabla ya Jumanne Keko yote ilikuwa imesikia. Mlangoni, nyuma ya pazia, Athumani alikuwa amesimama muda wote niliokuwa nasema. Alipoona nimemwona aliondoka kwenda kuhudumia maji.

Daktari alimfungua jicho wiki ile. Liliona, ila upande wa pembeni palibaki ukungu ambao haukumtoka mpaka alipofariki. Kazi ya kwanza aliyoifanya nalo ilikuwa kuitoa kompresa bandani. Yeye na Bwana Abbas waliipeleka nje, upande wa pili kabisa wa uwanja, wakaijengea kipaa cha mabati na wavu wenye kufuli, wakavuta bomba la chuma mpaka bandani, wakilipa mteremko ili maji yarudi nyuma yasiingie kwenye rangi. Ilifanya kazi pale miaka mingi. Shaba ilipopiga kelele tuliisikia kwa mbali, kama kikohozi cha jirani. Bwana Abbas alirudia kula mihogo. Juu ya maneno yangu ya Jumapili ile hakusema neno lolote, si zuri si baya, nami sikuthubutu kumuuliza, na hilo lilinikaa rohoni miaka yote, kwamba pengine nilimkosea mara ya pili.

Hamisi alinisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake. "Kumbe," akasema. Kisha akanipeleka msibani mwenyewe. Nyumbani kwa marehemu wanawake walikuwa wamekaa juu ya mashuka meupe, Shirin katikati yao, amekuwa mdogo kama mtoto. Nilimkumbatia, nikakaa ubavuni kwake, tukasikiliza kisomo. Baadaye, watu walipopungua, nikamuuliza kwa sauti ya chini lile ambalo sikuwahi kulimuuliza mumewe, kama alichukia siku ile niliposema mbele ya akina mama.

"Alinuna mwezi," Shirin akasema. Akafuta pua, na ndani ya huzuni yake nikaona anataka kucheka. "Alikuwa anazunguka hapa nyumbani ananiambia, 'Shirin, maisha yangu yote nilikuwa na tendo moja jema la siri, moja tu, nimelificha vizuri kwa ajili ya Mungu, na Maalim ameenda kulitangaza kwa wanawake wote wa Temeke.'"

Tulicheka wote wawili, wazee wawili tumeshikana mikono msibani, mpaka binti yake akatugeukia. Kisha tukalia.

Kompresa ya Hamisi tuliiwasha juzi. Ameiweka nje, chini ya kipaa, ametazamisha kichujio cha hewa upande usio wa barabara kwa sababu ya vumbi la malori ya saruji yanayotoka Wazo, na chini ya miguu yake ameweka vipande vya tairi bila mimi kumwambia. Ana saa kwenye simu inayopima hata sehemu za sekunde, lakini alinitazama akasema, "Mama, pima na wewe." Nikaanza Suratul Mulk moyoni. Tangi lilijaa, swichi ikazima kama inavyotakiwa. Hapo akaivuta kwa kidole ile pete ndogo ya shaba, ajue kama iko hai, na mlinzi akapiga kelele yake yote mbele ya uso wangu. Nilikuwa nimebakiza aya tatu. Nilikatisha kisomo, nikamwacha mlinzi aseme mpaka alipomaliza, nikamwombea Abbas, kisha nikaendelea nilipoishia.